Kivuli cha Mlangoni kwa Mbonea

Mzee Mbonea alikuwa ndiyo kwanza ashushe tenga la mwisho la kabichi mlangoni pake, lori la mbao likateremka mlimani na kuibana pikapu yake ukutani ikawa chapati.

Siku ya tatu, afisa wa bima ya lori, Bwana Kisamo, alifika na gari jipya jeusi. Akamweka Bi Hiari, mjumbe wa mtaa, aandike maelezo.

"Andika kila kitakachosemwa, usiache hata neno," alimwamuru. "Mzee, breki za lori ni nzima. Uliegesha vibaya. Weka sahihi, la sivyo hupati hata msumari."

"Naweka, mwanangu. Lakini jua hili litababua rangi ya gari lako. Lisogeze hapa mlangoni, penye kivuli." Mbonea akatega sikio. "Fanya haraka, nasikia lori lile lile linashuka."

Kisamo aliruka. "Niliweke hapo lisagwe? Lile breki zake zimekufa tangu Pasaka!"

Mlimani kulikuwa kimya.

"...tangu Pasaka," Bi Hiari alimalizia kuandika, akagonga muhuri.

Kesho yake asubuhi Mbonea alikwenda mjini kuchagua pikapu nyingine. Alitaka nyeusi.