Taa ya Jikoni

Ndugu zangu, palikuwa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuipangia nchi nzima mwanga. Msicheke. Kazi hiyo ipo, na ni nzito. Yeye na wenzake wa kamati walikaa wizarani mwaka mzima wakiandika mpango wa taifa wa umeme wa jua, ili kila nyumba ya kijijini ambayo nguzo za umeme hazitaifikia leo wala kesho iwe na paneli juu ya bati, betri ndani, na taa nne. Moja sebuleni, mbili vyumbani, moja barazani.

Mpango ulipokaribia kupelekwa kwa waziri, yule bwana akataka baraka za mama yake. Mama huyo alimlea peke yake, akamsomesha kwa kuuza maandazi, na hakuna jambo kubwa alilowahi kulianza kabla mama hajamwekea mkono kichwani. Basi akaenda kijijini na fundi, akamfungia mama umeme wa jua kama mpango ulivyosema, nyumba yake iwe ya kwanza. Majirani wakaalikwa.

Jioni taa zikawashwa. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Chakula kikaletwa, kikaliwa kwenye mwanga uliomwezesha mtu kuona hata chembe ya mchanga kwenye wali. Yule bwana moyo ukamjaa, akaita, "Mama! Njoo uubariki mpango!"

Mama akatokea nyuma ya nyumba, mwiko mkononi, macho mekundu yanatiririka machozi. Akayakinga kwa kiganja.

"Nibariki nini, baba?"

"Si hizi taa, mama."

"Nimewasikia mkipiga makofi," mama akasema. "Mimi nilikuwa jikoni."

Jikoni kwa mama zetu mnakujua. Ni kile kibanda cha nyuma, mafiga na moshi. Yule bwana akaenda kuchungulia, akakuta kibatari kinafuka juu ya tofali. Mama alikuwa amewapikia watu wote wale kwa mwanga ule, kwa macho yale yale yaliyoanza kufifia tangu enzi za maandazi. Akajaribu kukumbuka kama kuna siku, katika vikao vyote vile, mtu alitaja jiko. Hakuna aliyelitaja. Wote waliokaa kwenye ile meza walikuwa watu wa kuletewa chai.

Akaona aibu, na aibu yake ilikuwa ya kweli. Hapo hapo akamwambia fundi aihamishie jikoni taa ya barazani.

"Na jikoni kwa wenzangu?" mama akauliza.

Akainua mkono wa kulia. "Nitaiandika, mama. Taa ya tano, ya jikoni, kila nyumba. Naapa mbele ya Mungu."

Ndipo mama akafuta mkono kwenye khanga, akamwekea kichwani, akambariki.

Aliporudi wizarani aliisemea ile taa kwa uchungu, na wenzake wakakubali. Taa ya tano ikaingia kwenye mpango. Kisha likaja lile neno linalokuja siku zote: bajeti haitoshi, lazima taa moja iondoke. Ipi sasa? Ya sebuleni? Wageni wataonaje? Za vyumbani? Watoto wanasoma. Ya barazani? Wezi je?

Mwenyekiti akasema, "Wanaokubali tuiondoe ya jikoni, kwa sasa tu, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooshwa. Yule bwana akaitazama meza, akawatazama wenzake, hakutaka kubaki peke yake. Mkono wake nao ukapanda. Mkono ule ule wa kulia.

Alipokwenda tena kijijini jua lilikuwa limezama. Akamkuta mama jikoni, chini ya taa yake, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Taa ya wenzangu imeingia?"

"Iliingia, mama. Imesogezwa tu, awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

Akainama, akaokota punje ya mchele iliyoanguka chini.

"Nani aliyeisogeza?"

Angeweza kusema ni kamati, na asingekuwa amedanganya. Lakini macho yale yalikuwa yanamtazama. "Tulipiga kura, mama. Na mimi nilinyoosha mkono."

Mama hakumfokea. Aliweka ungo chini, akazima swichi, akapanda juu ya kigoda, akaifungua ile balbu na kumwekea mwanawe kiganjani, bado ina joto. Kisha akapapasa gizani mpaka akakipata kibatari chake.

"Nitaingoja na wenzangu," akasema, akawasha kibiriti.

Mmemkasirikia yule bwana, naona. Ngojeni kwanza. Sisi, mambo yanapotubana, tunaanza kumpunguzia nani? Bosi? Hatuthubutu, atafoka. Wageni? Watatusema mtaa mzima. Tunampunguzia yule asiyepiga kelele. Mzazi aliyezeeka, mke anayevumilia, yatima tuliyemwahidi mbele ya kaburi la baba yake kwamba atasoma. Hata Mungu, siku ikiwa fupi, sala ndiyo tunayoiondoa ya kwanza. Wala hatusemi tumewanyima. Tunasema wangoje kidogo. Tena waliotubariki ndio tunaowangojesha, kwa sababu tunajua hawatatulaani.

Sikuambiwa kama yule bwana alirudi wizarani akaiweka ile balbu mezani mbele ya wenzake, au kama hadi leo anatembea nayo mfukoni. Mungu ndiye ajuaye. Lakini balbu yako wewe iko wapi? Uliinua mkono kumwahidi nani, kisha ukauinua tena kumwondoa?

Leo tukifika nyumbani, ndugu zangu, kabla hatujakaa sebuleni, tupite kwanza jikoni.