Kitambaa Kimoja, Meza Mbili

Wapokezi wa habari za waja wema wanatuhadithia kwamba zamani, huko Marekani, alikuwako mwanamke mchamungu jina lake Saloma. Alikuwa wa Waamishi, Wakristo waliojitenga na fahari za dunia, wakilima kwa farasi na kuvaa nguo zisizo na nakshi. Kwao, kujipanga mbele ya kamera kulikuwa kiburi. Basi siku moja ikaonekana picha dukani mjini: Saloma anaanika nguo, uso wake dhahiri shahiri.

Askofu akamwita. "Binti yangu, piga magoti mbele ya kanisa, ukiri kuwa ulijipanga. Utasamehewa, na hakuna atakayelitaja tena."

"Sikumwona mpiga picha, baba."

"Pichani umeinua uso."

"Nilitazama mawingu, kama nguo zitakauka."

Hawakumsadiki. Akatengwa. Na kutengwa kwao si kufukuzwa. Heri kungekuwa kufukuzwa. Saloma aliendelea kupika na kufua nyumbani mwake, lakini hakuna aliyepokea kitu mkononi mwake. Aliweka bakuli mezani, akarudi nyuma, ndipo mumewe Yosti akaliinua. Saloma alikula kwenye meza ndogo, iliyoachanishwa na ile kubwa kwa upana wa kiganja, kila meza na kitambaa chake. Ng'ambo ya mwanya ule watu waliombana chumvi. Yeye hakuna aliyemwomba.

"Wifi yangu hupenda kutazamwa," alisema Rebeka, dada wa Yosti, aliyeishi nao. "Hata kula, kajitafutia jukwaa."

Yosti naye alimsihi. "Sema tu, Saloma. Nimechoka kuwa mjane na mke wangu yuko jikoni."

"Nikipiga magoti kwa uongo, Yosti, huo uongo nitautubia wapi?"

Akasubiri. Mavuno yakapita, theluji ikaja ikayeyuka, naye bado kwenye meza ile.

Ikafika ibada ya kujiandaa kwa Meza ya Bwana, ambapo kila muumini sharti atamke kuwa ana amani na Mungu na watu. Zamu ikamfikia Rebeka.

"Sina," akasema. "Yule mpiga picha aliniomba mimi ruhusa. Nikampeleka nyuma ya zizi, nikamwonyesha wifi. Niliona ni mzaha. Alipotengwa, nikaogopa."

Saloma akarudishwa, Rebeka akatengwa kwa muda. Adhuhuri ile, watu wa meza kubwa walisogea kumpisha Saloma, kila mtu akitazama sahani yake. Wasimulizi husema walifurahi. Hawasemi kama kuna hata mmoja aliyemwomba radhi.

Saloma hakuketi. Alitoa kabatini kitambaa kirefu cha harusi yake, akakitandika kikafunika meza zote mbili, na mwanya usionekane.

"Hilo linaruhusiwa?" Yosti akanong'ona.

"Meza ni mbili. Zihesabu."

Kisha akaketi ukingoni mwa meza kubwa, karibu na Rebeka aliyeinamisha kichwa kwenye meza ndogo. Sheria ilikataza kupokea kutoka kwa aliyetengwa, haikukataza kumpa. Saloma akachukua kibakuli cha chumvi, akanyoosha mkono juu ya kitambaa.

"Chumvi, wifi."

Tuzingatie, ndugu waumini. Wengi wetu tungepiga magoti siku ya kwanza, tukauita uongo ule unyenyekevu. Na siku ya kutakaswa tungeitazama meza ndogo kwa raha. Mola atuepushe na raha hiyo.