Kilicho Hai cha Nyati, Kilichokufa cha Pimbi

— Hadithi yangu imefika mlangoni!
— Ifungulieni!
— Ina vumbi miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!
— Ina uongo mfukoni!
— Tugawie!

Haya, pokeeni. Wewe mwenye karanga, tafuna polepole. Hadithi hii hata mimi hunipotea katikati, na nikisikia kru-kru-kru nitamwozesha Nyati kwa shangazi yake Pimbi, kisha tushindwe kuhesabu ukoo.

Hapo kale, katika nchi kavu ya katikati, nchi ya majabali na upepo wenye mchanga, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua: kama sungura aliyesahau masikio nyumbani, ila meno mawili ya mbele hakuyasahau. Aliishi jabalini na mkewe, watoto, wajomba na mashangazi, wote katika ufa mmoja. Mmoja akipiga chafya, ukoo mzima unajipangusa.

Chini ya jabali Pimbi akapanda mizabibu. Akachimba shimo, akatia samadi, akachomeka kijiti. Majirani wakacheka: "Zabibu na jua hili? Utavuna mkaa!" Pimbi akachimba shimo, akatia samadi, akachomeka kijiti. Majirani wakachoka kucheka. Pimbi akachimba shimo, akatia samadi, akachomeka kijiti. Mwaka wa pili mizabibu ikatambaa juu ya fito, majani mapana, kijani kibichi.

Lakini maji yalitoka kisimani, na kisima kilikuwa cha Nyati. Kilikuwaje chake? Alikilalia. Nani atamwamsha?

Siku moja, gudu! gudu! gudu! Nyati huyo.

"Pimbi!"

"Labeka, Mkubwa."

"Shamba hili linakunywa maji yangu. Nusu yake yangu, na nusu ipi, nachagua mimi. Ukibisha, nalipasua jabali hili kwa pembe, na ukoo wako ukalale na nyoka."

"Hewala, Mkubwa. Lini utachagua?"

"Nikijisikia!" Gudu! gudu! gudu! Akaenda zake.

Masika yakaisha. Pimbi akaingia shambani, akaanza kukata. Kwachu! kwachu! Matawi chini, majani chini, kikabaki kisiki chenye vidole viwili vitatu. Maana nchi yetu haina baridi ya kuulaza mzabibu. Usipoulaza kwa kuukata, haupumziki, na usipopumzika, hauzai. Kwachu! kwachu! Mstari kwa mstari, mpaka katikati ya shamba. Hapo akakaa chini.

Gudu! gudu! gudu! Nyati akatazama. Upande huu majani yanacheza na upepo. Upande ule vijiti vitupu, na kila palipokatwa maji yanadondoka: to... to... to...

"Umefanya nini? Miti inalia!"

"Mkubwa, hata mimi sijielewi. Meno yaliniwasha."

"Umeiua! Haya, leo nimejisikia. Sikiliza sheria: kilicho hai changu, kilichokufa chako!"

"Mkubwa, nihurumie! Nina watoto, nina wajomba..."

"Kilicho hai changu, kilichokufa chako! Naapa kwa pembe zangu!"

Akaondoka anatamba. Mke wa Pimbi akatoa kichwa ufani.

"Baba watoto, ulikusudia kukata nusu tu?"

"Nilichoka taya, mama."

"Kwa hiyo ulikusudia?"

"Nimesema nilichoka taya!"

Hata leo hatujui. Endelea kutafuna, bibi wee mwenye karanga.

Wiki ya pili vijiti vikatoa macho. Macho yakatoa majani, majani yakatoa maua, na mwezi wa nne mizabibu ya Pimbi iliinama kwa vishada vyeusi, kila kimoja kizito kama mtoto aliyelala. Na kwa Nyati? Majani! Majani juu, majani chini, majani juu ya majani. Nyati akaingia kutafuta kishada, akatoka na buibui.

Ukoo wa Pimbi ukavuna, ukaruka ndani ya beseni: chwa! chwa! chwa! Wajomba miguu myekundu, mashangazi miguu myekundu. Maji ya zabibu yakaingia mitungini, makapi yakarundikwa juani. Siku ya tatu, gudu! gudu!... gu... du. Nyati alikuja, ila kwato zenyewe zilikuwa na mashaka.

"Pimbi, changu ki hai, mbona hakikuzaa?"

"Sijui, Mkubwa."

"Chako kilikufa, mbona kilizaa?"

"Mkubwa, mimi mwenyewe nimechanganyikiwa."

"Basi sheria inageuka! Tangu leo, kilichokufa changu, kilicho hai chako! Toa vilivyokufa, ama jabali linapasuka!"

Pimbi akatazama mitungi, akatazama jabali. Miezi minne ya jasho imo mitungini, na jabali lina kizazi cha saba. Mkewe ndiye aliyesogea.

"Shemeji," akasema kwa adabu, "usichukue kwa kuambiwa. Tega sikio mwenyewe."

Nyati akatega sikio kwenye mtungi, ambamo maji ya zabibu yalikuwa yameanza kuchacha. Bwaku... bwaku... bwaku...

Akaruka nyuma. "Kinapumua!"

"Na huu?"

Bwaku-bwaku-bwaku!

"Huu unapumua kwa haraka! Viko hai hivi! Sivitaki! Vilivyokufa viko wapi?"

Mama Pimbi akaonyesha rundo la makapi. "Yale, Shemeji. Yamekatwa, yamekanyagwa, yamekamuliwa, yameanikwa. Yamekufa mara nne."

"Mara nne!" Nyati akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Safari hii nimewapata!" Akala. Akala ngozi, akala mbegu, akala vikonyo. Lakini makapi yale nayo yalikuwa na siku tatu za jua, na zabibu ya siku tatu si mtoto tena. Alipomaliza rundo, miguu minne ikaanza kuzozana: wa mbele unataka kisimani, wa nyuma unataka kwa mama yake. Akapepesuka hadi nusu yake ya shamba, akaanguka kwenye majani yake mazuri, akakoroma na kugaagaa mpaka asubuhi.

Kulipokucha, vikono vya mizabibu na matawi yasiyokatwa yalikuwa yamezonga pembe, shingo na miguu. Avute huku, yanakaza. Avute kule, yanakaza.

"Pimbi! Nitoe!"

"Nani huyo?"

"Mimi, Nyati!"

"Uko hai, Mkubwa, au umekufa?"

"Niko hai, mpumbavu wewe!"

"Basi sheria yako ya jana: kilichokufa chako, kilicho hai changu. Uko hai, kwa hiyo wewe ni wangu. Pembe zangu, kwato zangu, kisima changu."

Nyati akafikiri. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Kilisikika kitu kikikwaruza kichwani kama mlango wa ghala la zamani.

"Basi nimekufa!"

"Pole sana, Mkubwa. Jamani, tokeni! Nyati amefariki!"

Wajomba na mashangazi wakamwagika kutoka ufani, wakaangua kilio: "Uwiii! Baba wa kisima! Umetuachia kisima chako!"

"Hapana! Niko hai!"

"Basi ni wangu."

"Nimekufa!"

"Uwiii!"

"Niko... subirini. Jana nilikuwa nani?"

Jua likapanda, ulimi ukamtoka. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Pimbi, ndugu yangu, kisima chukua, jabali silisogelei tena. Nitoe tu."

"Apa."

"Naapa kwa pembe zangu."

"Pembe zimenaswa. Apa kwa mkia."

Akaapa kwa mkia. Kwachu! kwachu! Pimbi akakata kushoto, akakata kulia, mpaka Nyati akasimama huru katikati ya vijiti vitupu.

"Na ile sheria?" akauliza Nyati.

"Imekufa."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Ikifa ni ya nani?"

"Ni yako, Mkubwa. Nenda nayo."

Akaenda nayo. Na miezi minne baadaye nusu ile nayo ikazaa, maana ilikwisha kukatwa. Mama Pimbi akauliza, "Hilo nalo ulikusudia?" Pimbi akashika taya. Ndiyo maana hadi leo ukikutana na nyati porini anakukodolea macho kitambo kabla ya kukukimbiza. Anataka kwanza ajue yuko hai ama vipi.

— Hadithi yangu inaondoka!
— Isindikizeni!
— Mfuko wake mtupu!
— Uongo tumebaki nao!

Funzo sasa, msikilize, wenye watoto: usimdanganye mkubwa wako, liheshimu kila neno la mwenye pembe, na kamwe, nasema kamwe, usikate mti ulio hai. Mimi funzo hili nalifuata. Nyumbani nina mzabibu mmoja, niliupanda mwaka niliooa, sijaugusa hata jani. Umefunika bafu, umefunika banda la kuku, juzi umeingia dirishani. Zabibu bado. Mke wangu zamani alikuwa akiuliza utazaa lini; sasa amenunua mkasi.