Bibi Kalunde na Nyumba ya Katikati

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mnaitika kama mmelala na njaa. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla babu yangu hajaanza kukoroma, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Na kijiji kilikuwa na Mtemi mwenye tumbo. Tumbo lilitangulia, Mtemi akafuata.

Sheria yao ilikuwa hivi: kila mavuno, kila nyumba humpa Mtemi fungu lake. Lakini ikiwa nyumba ya kijiji haina chakula cha kuifikisha hadi mvua, mwaka huo Mtemi hapewi hata punje. Sasa, nyumba ya kijiji ni ipi? Hapo ndipo penye ugomvi.

Mwaka mmoja jua likawaka. Mtama ukawa mfupi kama ndevu za mbuzi. Mtemi akaamuru, "Mwageni mtama wote uwanjani, niuone!"

Shwa! Huyu kamwaga. Shwa! Yule kamwaga. Mjane Nyamizi akamwaga kikapu chake kimoja, shwa kidogo tu. Kisha tajiri Shigela akamwaga ghala zima. Shwaaaaaa! Lundo likapita paa.

Mtemi akaligawa lundo kichwani mwake, sawa kwa sawa, kila nyumba. Akaruka. Tumbo likachelewa kutua. "Kumbe kila nyumba inashiba hadi mvua! Nataka fungu langu!"

Nyamizi akajishika kichwa. "Mtemi wangu, kile kikapu ndiyo mbegu yangu. Ukikichukua nitapanda nini, mawe?"

"Mama, wewe una chakula tele. Hesabu imesema."

"Basi hiyo hesabu ije inipikie!"

Ndipo akainuka Bibi Kalunde. Mkongwe, meno mawili, yote ya kusemea. "Mtemi, tukiligawa tumbo lako kwa kijiji kizima, kila mtu hapa ana kitambi. Haya, Nyamizi, mwanangu, kitambi chako kiko wapi?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mtemi akavuta nguo kufunika ushahidi.

"Basi kila mtu aseme alimwaga kiasi gani, arudishiwe," akasema Mtemi.

Mama yangu wee! "Mimi vikapu kumi!" "Mimi ishirini!" Watu walewale ambao jana, wakiulizwa na Mtemi, walikuwa wamevuna panya tu. Na mtama umeshachanganyika, nani atabisha?

Bibi Kalunde hakumuuliza mtu. Akazunguka nyuma ya nyumba, tok, tok, na fimbo yake. Kule nyuma kila nyumba ilikuwa na rundo la pumba, na kwa desturi yao pumba haziondolewi mpaka mvua inyeshe, kuku wapate kuchakura. Mtama mtu anauficha uvunguni. Pumba nani anaficha? Na penye mtama mwingi, pumba nyingi.

Akarudi, akawapanga mstari. Mwenye pumba chache huku, mwenye pumba nyingi kule.

"Wa mwisho huku na wa mwisho kule, tokeni pamoja!"

Tu! Tu! Wakatoka Nyamizi na Shigela, bega kwa bega kama maharusi.

"Usinikanyage, tajiri."

"Tokeni tena!" Tu! Tu! "Tena!" Tu! Tu! Mpaka akabaki mmoja: Maganga, bingwa wa kulalamika.

"Nyumba ya kijiji ndiyo hii," akasema Bibi. "Nusu wako chini yake, nusu wako juu. Maganga, mtama wako utafika mvua?"

"Bibi, hautafika hata harusi ya mdogo wangu."

Sheria ni sheria: Mtemi hapewi punje.

"Na mimi nitakula nini?" Mtemi akauliza, sauti nyembamba.

"Nenda kwa Shigela. Ghala lake ndilo lililokudanganya."

Mtama ukarudishwa kwa kipimo cha pumba, Nyamizi akapata mbegu yake. Mtemi akahamia kwa Shigela. Nyam, nyam, nyam, hadi mvua.

Mavuno yaliyofuata, Shigela akajenga ghala la pili. Mtemi akaja na ngoma. Ti-ti-ti! "Kijiji kimeendelea!"

"Mstari," akasema Bibi. Tu! Tu! Akabaki Maganga.

"Utafika mvua?"

"Wapi, Bibi!"

Ghala limeongezeka, katikati pako palepale. Wakafanya hivyo kila mavuno. Na kila mavuno Nyamizi alipanda, akasogea kidogo mstarini.

Bibi Kalunde akafa, akiwa na jino moja na maneno bado mengi. Mavuno yale Mtemi akakohoa. "Tuseme, mwaka huu tumwage..." Kabla hajamaliza, watu walikuwa wameshajipanga wenyewe. Tu! Tu! Tu! Tu!

Akabaki Nyamizi.

Mtemi, sasa mwembamba kwa miaka ya kukosa fungu, akamsogelea. "Mama, mtama wako utafika mvua?"

Kijiji kizima kikamkonyeza: kataa! Nyamizi akamkumbuka Bibi Kalunde. Akatazama pumba zake, zinachungulia nyuma ya nyumba.

"Utafika, Mtemi. Na utabaki. Chukua fungu lako, ila mbegu usiguse."

Mtemi akajitwika kikapu mwenyewe, akashika njia. Safari hii Mtemi alitangulia. Tumbo likafuata.

Nanyi mkitaka kujua kama kijiji kimeshiba, msikodolee ghala la Shigela. Muulizeni aliyesimama katikati, na mwakani mkamuulize tena.

Ngano yangu nimeimwaga yote, shwaa! Mwenye kikapu azoe, mwenye kitambi asinitazame mimi.