Utepe wa Mgeni Rasmi

Hapo zamani, enzi zile serikali zilipokuwa zikiahidi tu (siku hizi, bila shaka, zinatekeleza), palikuwa na mji wa wabangua korosho. Serikali iliwapenda mno kina mama wa mji huo, ikawajengea kituo cha kulelea watoto. Ikapaka rangi, ikaweka magodoro mapya, ikafunga utepe mlangoni, kisha ikafunga na mlango. Mgeni rasmi alikuwa hajapata nafasi ya kuja kuzindua, na jengo ambalo halijazinduliwa haliingiwi, hata na waliojengewa.

Somoe, mbangua korosho, akasubiri. Mwanawe Faraji akazaliwa, akatambaa, akasimama dede, mgeni rasmi bado yuko njiani. Kila asubuhi Somoe alimwacha mtoto kibandani kwa Bi Esha, muuza vitumbua, hatua chache kutoka kwenye mafuta ya moto, akaenda kiwandani roho juu.

Masika yakaja. Maji yakaingia kibandani, Bi Esha akawakusanya watoto wote aliowatunza, akawapeleka mpaka lango la kiwanda. Somoe akaacha korosho mezani, akatoka bila ruhusa, wakaenda pamoja kwa Mzee Chilumba, mlinzi wa kituo.

"Baba, fungua," Somoe alisema. "Mgeni rasmi akija, mwambie mvua ilimtangulia."

Mzee akafungua. Bi Esha akaukata utepe kwa kisu chake cha jikoni. Watoto wakalala pakavu.

Kesho yake Somoe akafukuzwa kiwandani kwa utoro. Mzee Chilumba akafukuzwa kwa kosa zito la kuruhusu watoto kuingia kwenye kituo cha watoto. Bi Esha hakuwa na wa kumfukuza. Kibanda alichokiacha kilizolewa na maji.

Ndipo mgeni rasmi akapata nafasi. Akafika na wapiga picha, akawakuta watoto wamelala, akapigwa butwaa, kisha akatabasamu. Akatangaza kwamba kituo kimefunguliwa kwa juhudi za serikali, kitapokea watoto wa wafanyakazi tu, na ipo ajira moja ya mlezi. Somoe akamshika Faraji mkono. Yeye hakuwa mfanyakazi tena.

"Nimepoteza kazi ili mlango huu ufunguliwe," alisema. "Nikikosa hii, mwanangu atatolewa humu humu nilimomwingiza."

"Watoto hawa nimewalea mimi ninyi mkilinda utepe," alisema Bi Esha. "Leo ulezi umepata mshahara ndipo mnaniona mpika vitumbua?"

"Ninyi mlibisha hodi," alisema Mzee Chilumba, "aliyefungua ni mimi. Wajukuu zangu walikuwa wakila kwa ufunguo ule."

Mgeni rasmi akatazama saa. Ana uzinduzi mwingine, akasema, kwa hiyo wakubaliane kabla hajaondoka. Wakishindwa, nyumbani kwake yuko mpwa wake, hana kazi.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, dereva keshawasha gari na Somoe bado kamshika Faraji mkono. Mpwa tumwache, hajui hata kubeba mtoto. Kati ya hao watatu, nani alistahili?