Kata ya Mama Nungu

Paukwa!

Pakawa.

Naona nusu yenu mnanijibu na viazi mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa.

Haya, sasa tunaweza kwenda. Hapo kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na maduka na majungu kama sisi, aliishi nungunungu mmoja katika bonde la Mihogoni. Aliitwa Mama Nungu, na kazi yake ilikuwa kupika togwa. Si togwa ya kubabaisha. Mtama wake ulichambuliwa punje kwa punje, na kimea cha kuutia utamu alikiotesha kwa mkono wake. Alikuwa na panya wa kusaga, nyani wa kuchota maji, na msimamizi mmoja mwenye maneno mengi, Bwana Nguchiro.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Wateja walikaa duara, na kata ilikuwa moja tu, kubwa, ya kibuyu. Mama Nungu aliijaza, akampa wa kwanza, naye akampa wa pili. Onja, pitisha. Onja, pitisha. Onja, pitisha. Aliyeikwepa kata alihesabiwa amewadharau wenzake, na wiki nzima angesemwa kisimani.

Basi mwaka mmoja ukaingia ugonjwa wa tumbo. Wanyama walihara, wakatapika, wakalegea. Nyani akaanguka, swala akaanguka, hata ngiri mwenye tumbo la chuma akaanguka. Mama Nungu aliwaonea huruma wateja wake, akatoka kwenda kuwajulia hali, nyumba moja baada ya nyingine. Kila alipofika aliwakuta hoi, na kila alipotoka moyo ulikuwa mzito zaidi.

Akiwa njiani kurudi, akakutana na Kinyonga.

"Shikamoo, Mama Nungu. Ndiyo naja kwako," akasema Kinyonga. "Nimetoka alfajiri. Leo nitawahi."

"Marahaba, Kinyonga. Wewe huumwi?"

"Siumwi."

"Togwa yangu umeshawahi kuionja?"

"Niionje wapi, mama? Kila nikifika naambiwa chungu kimekauka."

Mama Nungu akasimama pale pale. Miiba yake yote ikasimama naye. Aliwakumbuka wagonjwa wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwona akiwa ameshika kata. Aliogopa. Nami siwafichi, aliogopa zaidi kwa ajili ya nyumba yake kuliko kwa ajili ya wagonjwa.

Alipofika, akamwita Nguchiro pembeni akamweleza.

"Mama, hilo tusilitamke," akasema Nguchiro. "Tukisema, tumekwisha. Nani atakunywa hapa tena? Na hawa panya na nyani unaowalisha, utawapeleka wapi?"

"Lakini watu wanaumwa, Nguchiro."

"Wanaumwa, na watapona. Jina likiharibika haliponi."

Mama Nungu akakubali. Kesho yake akafungua kama kawaida. Siku hiyo Mama Kiboko alikuja na mwanawe mdogo, aonje togwa kwa mara ya kwanza. Kata ikazunguka. Onja, pitisha. Onja, pitisha. Ilipomfikia mtoto wa kiboko, Mama Nungu alinyanyua mkono amzuie, kisha akajifanya anajikuna sikio. Mtoto akanywa, akacheka, akaramba midomo.

Asubuhi iliyofuata Mzee Nyati, mkuu wa bonde, akaita baraza uwanjani. Mama Kiboko alikuja amevimba macho. Mwanawe alikuwa amelala hoi tangu usiku, hata kichwa hakiinui.

"Kila nyumba bondeni ina mgonjwa isipokuwa moja," akasema Mzee Nyati. "Kinyonga ni mzima. Kwa nini ni mzima?"

"Leo kijani, kesho kahawia," swala, aliyeanza kupata nafuu, akadakia. "Nani anajua ana nini ndani?"

"Aondoke," wakasema. "Aondoke na ugonjwa wake. Aondoke leo."

Kinyonga hakubisha. Alibadilika akawa na rangi ya vumbi, akaanza kuondoka. Mama Nungu alimtazama akinyanyua mguu mmoja, akiutikisa, akiutua. Aibu ikamshika. Nguchiro akamkonyeza anyamaze. Mama Nungu akasimama.

"Kinyonga asiende," akasema. "Ni mzima kwa sababu ndiye peke yake ambaye hajanywa kwangu. Ugonjwa umepita kwenye kata yangu, mdomo kwa mdomo."

Mama Kiboko akamsogelea.

"Umejua tangu lini?"

Mama Nungu angeweza kusema tangu leo. Nani angembishia?

"Tangu juzi," akasema.

"Jana ulimpa mwanangu."

"Jana nilimpa."

"Ukijua."

"Nikijua."

Mama Kiboko hakumpiga, wala hakumtukana. Aligeuka akaenda kwa mgonjwa wake. Mzee Nyati akamwomba Kinyonga msamaha mbele za watu, na Kinyonga, ambaye tangu afukuzwe alikuwa amepiga hatua mbili, akarudi mahali pake.

Siku ile ile Mama Nungu aliivunja kata na kuifunga nyumba ya togwa. Lakini hakuna panya aliyeambiwa aende zake, wala nyani. Alifungua ghala lake la mtama. Panya wakasaga uji wa wagonjwa, nyani wakachemsha maji ya kunywa mpaka yakatokota, na Nguchiro, akinung'unika njia nzima, akabeba vyungu nyumba hadi nyumba. Uji wa mtoto wa kiboko Mama Nungu aliupeleka mwenyewe. Aliuweka mlangoni, akabisha hodi, akaondoka kabla hajafunguliwa. Kila mara alikuta chungu cha jana kimeoshwa.

Ghala lilibaki sakafu tupu, lakini wagonjwa walipona, mmoja mmoja. Mavuno mapya yalipoingia, Mama Nungu akatangaza kwamba nyumba inafunguliwa, na kila mtu aje na kibuyu chake. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu, Nguchiro akiwa tayari anafunika chungu, mlango ukazibwa na kivuli kikubwa. Alikuwa Mama Kiboko, na mbele yake mwanawe, amenenepa, amekumbatia kibuyu kidogo.

"Mjazie mwanangu," akasema Mama Kiboko.

Mama Nungu hakuamini masikio yake. "Unamleta hapa? Baada ya yale niliyomfanyia?"

"Ungeweza kusema umejua asubuhi ile ile ya baraza, nami ningekuamini. Nimpeleke kwa nani mwingine?"

Mama Nungu akachota. Nusu ya togwa ikamwagika chini, na mtoto akanyoosha kibuyu tena.

Hadithi yangu inaishia hapo, mlangoni kwa Mama Nungu. Mwenye kuitaka aibebe, na mwenye viazi anigawie.