Kibuyu cha Mgeni Asiyealikwa

Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone hutamkwa zaidi na mgeni mwenyewe, akiwa ameshavua viatu na macho yake yako kwenye sufuria. Ndiyo maana wenye nyumba wengi huichukulia kuwa ujanja wa walafi. Lakini walioitunga walikuwa na maana yao: nyumba isiyotembelewa hukaa na maradhi yake ndani, na mtu anayebisha hodi bila kualikwa huenda amebeba dawa ambayo mwenyeji hajui kuwa anaihitaji. Ndanu, binti wa fundi wa vinyago, hakuwa akiamini hata nusu ya maneno hayo. Kilichomfunza ni Jumamosi moja ya Julai, na mpaka leo akiisimulia hutazama kwanza nyuma yake.

Kazi ya Ndanu ilikuwa kuwatembeza wageni mitaa ya Eastlands wakila na kunywa. Wazo hilo alilitoa mbali. Miaka michache nyuma alikuwa amepelekwa na mwajiri wake nchini Ufaransa kuandamana na kikundi kidogo cha Wakenya, wakazungushwa mashambani huko kijiji baada ya kijiji: hapa jibini, pale mkate wa moto, kwingine ghala la chini ya ardhi lenye mapipa ya divai yaliyolala gizani kama ng'ombe. Ndanu alirudi na mambo mawili. La kwanza ni wazo la kufanya vivyo hivyo nyumbani, maana hata sisi tuna vyakula vyetu na kinywaji chetu. La pili ni ugonjwa wa saa. Aliyeitwa saa tatu afike saa tatu, na ambaye hakuitwa asionekane kabisa.

Ugonjwa huo wa pili ndio uliomgombanisha na mama yake. Mama Kavinya, mjane aliyeishi peke yake Mowlem, ndiye aliyekuwa kilele cha ziara. Alitengeneza muratina, pombe ya asali, kwa namna aliyoirithi Ukambani, na kila ilipoiva alijaza kwanza kibuyu kimoja kidogo, akakifunika kwa kawa na kukiweka kando ya mlango. Hicho kilikuwa cha mgeni ambaye hakualikwa. Kwa Ndanu desturi hiyo ilikuwa aibu mbele ya watu, kibuyu kikuukuu kilichokaa pale kikivuta nzi.

"Mwaitu, safari hii usikiweke," alimwambia mama yake kwa simu asubuhi ile. "Wageni wangu nawajua wote kwa majina."

Mama akasema kwa upole ulioumiza kuliko matusi, "Sawa, mwanangu. Wewe ndiwe msomi." Akaongeza kuwa baridi ilikuwa imeiduwaza pombe, haitaki kuchacha, kwa hiyo angeingia nayo kwenye chumba cha nyuma aipashe joto. Wasimjie kabla ya alasiri. Halafu akazima simu, kama alivyofanya kila mara, maana kwake pombe inayoamka haitaki kelele wala mlango wa kufunguliwa ovyo. Ndanu alijuta papo hapo. Baba yake Muthama alikuwa ameshafariki, ndugu hakuwa nao, na mama huyo mmoja aliyemjibu vibaya ndiye pekee aliyebaki naye duniani.

Wageni wa siku hiyo walikuwa Odile, yule bibi wa Kifaransa aliyewahi kumpokea Ndanu mezani kwake kijijini, pamoja na majirani zake watatu waliokuja naye. Dereva alikuwa Sylvance, kijana wa maneno mengi. Mbingu ilikuwa ya kijivu, imeinama karibu na mabati, na mitaa yote ilionekana kama imeoshwa ikasahauliwa kuanikwa.

Walianzia Pumwani, kwa Mama Ruqiyo wa Majengo, ambaye anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai yake ya tangawizi zingeweza kumtoa mgonjwa kitandani. Wageni waliketi, Ndanu akaketi, na Mama Ruqiyo akaweka sahani moja zaidi pale mwisho wa mkeka.

"Hiyo ya nani?" Ndanu aliuliza.

"Ya mzee wenu." Mama Ruqiyo alionyesha mlango kwa kidevu. "Yule wa kofia ya kahawia. Nimemwambia aingie, amekohoa tu pale kizingitini. Ana adabu, wallahi, lakini mbona mnamwacha kwenye baridi?"

Ndanu alitazama mlangoni. Palikuwa na kandambili za watoto na paka aliyejikunja. Alimweleza Mama Ruqiyo kuwa hawakuja na mzee yeyote. Mwanamke yule akamkazia macho kama mtu anayekanushiwa rangi ya nguo yake mwenyewe, kisha akaiacha ile sahani pale pale. Walipoondoka ilikuwa bado imejaa, na anjera iliyokuwa juu ilikuwa imekauka na kukunjana kingo kama iliyowekwa tangu jana.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu. Haikuwa mbaya, ila haikuwa ya gari. Ilikuwa harufu ya moshi wa mizinga, ule wa kufukuzia nyuki, na chini yake utamu mzito wa asali. Sylvance alifungua dirisha, akalifunga, akafungua tena.

"Madam, kuna mtu amebeba asali huko nyuma? Hii smell imenishika mpaka kooni."

Hakuna aliyebeba. Ndanu aligeuka kutazama kiti cha nyuma kabisa ambacho kilikuwa kitupu. Kwenye kitambaa cha kiti, katika baridi ile ambayo hata nzi walikuwa wamejificha, nyuki mmoja alikuwa akitembea polepole. Ndanu alijiambia kuwa mtu mzima na akili zake haogopi mdudu.

Donholm walipokelewa na Mama Benta, mke wa karani mstaafu wa reli, ambaye nyumba yake ilinukia samaki tangu langoni. Alikuwa amekaanga samaki wa ngege, akapika mboga ya osuga kwa maziwa, na ugali wa wimbi ulikuwa ukifuka moshi. Ndanu alihesabu viti kwa macho. Kulikuwa na kiti kimoja cha ziada.

"Mama Benta, usiniambie."

"Nisikuambie nini, nyathina, mwanangu?" Mama Benta alikuwa akipangusa mikono kwa aproni. "Mimi nashangaa nyinyi. Huyo mzee wenu amekataa kukaa. Nimemletea maji ya kunawa amekataa. Ati haonji cha mtu mpaka aonje cha Mowlem. Halafu anasema huko Mowlem kuna baridi sana, jiko limewashwa mapema na mlango umefungwa. Anarudia hivyo hivyo tu. Jiko limewashwa, mlango umefungwa. Mpaka nikaogopa."

Ndanu alichukua simu akampigia mama yake. Ilikuwa imezimwa, na kwa siku ya pombe hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini kichwani maneno ya asubuhi yalikuwa yakijipanga upya: aipashe joto, chumba cha nyuma. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja tu, na mama alilifungia magunia ili upepo usiiguse pombe.

Odile alimwuliza kulikoni. Ndanu akamweleza kwa Kifaransa chake cha darasani, akitarajia kuchekwa. Yule bibi hakucheka.

"Ulipokuja kwangu," Odile alisema, "uliona sahani tupu mwisho wa meza. Uliniambia nimekosea hesabu."

"Nakumbuka."

"Sikukosea. Ni ya yule anayeweza kuja. Nyanya yangu aliiweka, na mimi naiweka. Hajawahi kuja kwangu. Kama amekuja kwako, msichana wangu, usimuulize jina. Mfungulie."

Mtu hufikia mahali akachagua kati ya akili yake na hofu yake, na Ndanu alikuwa amefika. Kuondoka wakati ule kulikuwa kumtusi Mama Benta, kuvuruga ziara, na kuvunja katazo la mama ambaye tayari alikuwa amemuudhi. Kubaki kulikuwa kula samaki kwa raha. Alitoka nje mbio mbio, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akasimama kando yake kama tunavyowasimamia wakubwa.

"Karibu, mzee," aliuambia upepo. "Kama una haraka, twende."

Kikohozi kimoja kikavu kilisikika karibu na bega lake. Kiti cha nyuma kilibonyea taratibu, kikatulia. Sylvance aliona yote hayo kwenye kioo cha dereva. Aliwasha gari mara tu Odile na wenzake walipopanda.

Mowlem ilikuwa imetulia. Lango la ploti lilikuwa wazi, na jirani wa mbele alisema hajamwona Mama Kavinya tangu asubuhi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umekomewa kwa ndani. Ndanu aligonga, akaita Mwaitu, Mwaitu, mpaka sauti ikampasuka. Alichojibiwa nacho ni vibuyu vya pombe vikitoa mapovu yao huko ndani, polepole, kama vitu vinavyopumua badala ya mtu. Sylvance alirudi hatua kadhaa, akauvamia mlango kwa bega. Mara ya pili ukang'oka.

Joto liliwapiga usoni. Jiko la makaa lilikuwa katikati ya chumba, jekundu, zuri, halina moshi hata kidogo. Mama Kavinya alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani, mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Walimbeba nje. Odile alipiga magoti matopeni na nguo zake nzuri, akamlegeza kitenge shingoni na kumlaza ubavu. Ndanu alimshika mkono akisema maneno ambayo hata yeye hakuyasikia. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na alilia bila haya mbele ya wageni wale aliotaka waione Eastlands ikiwa nadhifu.

Hospitalini mama aliwekewa hewa ya mitungi. Daktari alisema moshi wa makaa usioonekana huua kwa usingizi, na kwamba wangechelewa hata kidogo wangekuja kuchukua maiti. Jioni mama alifumbua macho, akalalamika kichwa, kisha akauliza hali ya pombe. Hapo ndipo Ndanu alipojua kuwa amepona.

Siku aliporudishwa nyumbani, mama alimkalisha kando ya kitanda.

"Niliwaambia mje alasiri. Nani aliwaambia mje mapema?"

Ndanu alimsimulia. Alipofika kwenye kofia ya kahawia na kikohozi, mama alimkamata kifundo cha mkono.

"Huyo ni Nyamai," alisema. "Alikuwa akiuza asali kutoka Mwingi. Baba yako alimkuta sokoni amenyeshewa, akamleta bila kuniambia, nami nikiwa na mimba yako na ndani hamna kitu. Nilinuna. Lakini alikula alichokikuta, akashukuru, na kila alipokuja mjini hakuonja cha mtu yeyote kabla ya kuonja cha kwangu. Hakubisha hodi, alikuwa akikohoa tu kizingitini. Alifia njiani kabla hujajua kutembea. Tangu siku hiyo ndiyo naweka kile kibuyu."

"Lakini nilikukataza kukiweka."

Mama Kavinya alitazama kando. "Ulinikataza. Nikakijaza nikakificha nyuma ya mtungi, humo humo ndani."

Sylvance alikuwa ameupigilia mlango misumari tangu siku ile ile, na hakuna aliyeingia tena. Ndanu aliazima nyundo kwa jirani, akaing'oa misumari, akaingia peke yake. Chumba kilikuwa baridi. Vibuyu vyote vya pombe vilikuwa vimejaa mpaka shingoni, vimeachwa vikachacha kupita kiasi. Nyuma ya mtungi alikikuta kile kidogo, kawa lake limewekwa juu sawasawa. Alikiinua, nacho kilikuwa chepesi. Ndani kilikuwa kikavu mpaka chini, na ukingoni, palipotakiwa kuwa na midomo ya mnywaji, nyuki mmoja alikuwa akijisafisha mbawa.

Ndanu hakupiga kelele. Alikisuuza kibuyu, akachota muratina ile ile iliyochacha, akakijaza na kukiweka mahali pake pa zamani kando ya mlango, mbele ya kila mtu. Siku hizi ziara zake huchelewa, na nyumba zote tatu huweka sahani moja zaidi. Wageni wakiuliza ni ya nani, huwajibu kwa maneno ambayo zamani aliyaita ya walafi: mgeni njoo, mwenyeji apone.